Kabati lililofungwa: mradi hujengwa kabla ya kuombewa ruzuku

Andiko la kwanza la mradi nililoliandika kwa mkono wangu lilikataliwa, na nikilisoma leo naona lilistahili kukataliwa. Tulikuwa asasi ndogo ya watu tisa, sote wa kujitolea, na tulitaka kujenga maktaba kwa ajili ya shule moja ya msingi ambayo wanafunzi wake walikuwa wakifika darasa la tano bila kuweza kusoma aya moja kwa ufasaha. Katika sehemu iliyotutaka tueleze tatizo, niliandika kwa kujiamini kabisa kwamba tatizo kubwa ni ukosefu wa maktaba. Kurasa zilizofuata zilikuwa na ramani ya jengo, makadirio ya saruji na mabati, idadi ya meza na rafu, na picha ya kiwanja kilichokwisha kusafishwa. Majibu yalikuja baada ya miezi mitatu, sentensi mbili tu, na ya pili ilisema kwamba tumeeleza jengo lakini hatujaeleza tatizo.

Nilinuna wiki nzima. Nilijiambia kwamba hao walioketi ofisini hawajui hali ilivyo mashinani, na wenzangu wakaniunga mkono, maana hakuna jambo linalowapatanisha watu upesi kama kumlalamikia mfadhili aliyewanyima fedha. Hasira zilipopungua tulirudi shuleni, safari hii bila ramani. Mwalimu mkuu alitukaribisha ofisini, akatusikiliza, kisha akachukua funguo na kufungua kabati la chuma lililokuwa nyuma ya mlango. Lilikuwa limejaa vitabu vya hadithi kutoka chini hadi juu, na vingine bado vilikuwa ndani ya nailoni vilimokuja.

"Mwalimu, mbona havisomwi?" nilimuuliza.

"Kila kitabu kina saini ya mwalimu aliyekipokea, mwanangu," alijibu. "Kikipotea, au kikirudi hakina jalada, mkaguzi atamuuliza yeye. Wewe ungekigawa?"

Nisingekigawa. Shule ile ilikuwa na vitabu vya kutosha kuanzia. Ilichokosa ni utaratibu wa kuviazimisha usiomtia mwalimu hofu ya kukatwa mshahara. Tungepewa zile fedha, tungejenga jengo zuri, tungelizindua kwa hotuba, kisha tungelihamishia humo kabati lile lile pamoja na kufuli lake.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja ninayoitumia kila ninapoombwa kupitia andiko la mtu. Sentensi ya tatizo ikianza kwa neno ukosefu, uhaba au kutokuwepo, nairudisha kwa mwenyewe kabla sijaendelea kusoma. Mtu anayesema tatizo ni ukosefu wa kompyuta amekwisha kuamua kununua kompyuta, na sasa anatafuta sababu ya kuzinunua. Tatizo halisi ni hali mbaya inayowapata watu wanaojulikana, ambayo mtu anaweza kwenda kuiona kwa macho na kuihesabu, na ambayo ingeendelea kuwapo hata kama kifaa kile kingeletwa kesho na kuachwa mlangoni. Ukiliweka tatizo namna hiyo, ghafla unaona kwamba yako majibu manne au matano, na kwamba lile ulilokuwa umelishikilia pengine ndilo la gharama kubwa kuliko yote.

Kazi ya kulichimbua tatizo ina zana yake ya zamani, nayo ni mti wa matatizo. Shirika la Ujerumani lililoitwa GTZ wakati huo liliufanya kuwa sehemu ya mbinu yake ya kupanga miradi, iliyojulikana kama ZOPP, katika miaka ya 1980, na tangu hapo umefundishwa katika semina zisizo na idadi, mara nyingi kwa haraka na kwa michoro mizuri isiyotokana na mazungumzo na mtu yeyote. Ukifanywa sawasawa, hauhitaji zaidi ya kadi, kalamu nene, ukuta na watu wanaohusika. Kadi ya katikati, yaani shina, tuliiandika hivi: wanafunzi wa darasa la tano hawawezi kusoma aya moja na kueleza walichosoma. Tukauliza kwa nini, tukapata kadi ya kwanza ya mizizi, kwamba hawasomi chochote nje ya kipindi. Kwa nini? Hawapewi vitabu vya kwenda navyo nyumbani. Kwa nini? Walimu wanaogopa kuvilipia. Mzizi wa pili ulianzia kwa walimu wa madarasa ya chini, ambao walisema wenyewe kwamba hakuna aliyewahi kuwaonyesha namna ya kumsaidia mtoto aliyebaki nyuma wakati wenzake wameshasonga mbele. Mzizi wa tatu hatukuufikiria kabisa. Uliletwa na bibi mmoja anayelea wajukuu, ambaye alikaa kimya karibu muda wote, kisha akauliza: kitabu kikifika nyumbani kwangu, nani atamsikiliza mtoto akisoma, nami sijui kusoma? Kadi yake iliandikwa na mtu mwingine kwa niaba yake, ikabandikwa, na baadaye ikabadilisha nusu ya shughuli zetu.

Mradi mmoja hauwezi kukata mizizi yote, na andiko linalodai kuikata yote humtia msomaji shaka mapema. Baada ya mti kukamilika inabidi kuchagua, na katika kuchagua kuna maswali mawili ya kujiuliza kwa unyofu. La kwanza, ni mzizi upi ambao ukikatwa shina litayumba kweli? La pili, ni mzizi upi ambao sisi, kwa watu tulio nao, ujuzi tulio nao na sifa tuliyo nayo mbele ya jamii, tunaweza kuukata vizuri kuliko wengine? Asasi ya watu tisa isiyo na mhandisi hata mmoja haikuwa na sababu ya kujenga maktaba. Ilikuwa na walimu wastaafu wawili na mhasibu mmoja, na hao ndio waliokuwa mtaji wetu, ingawa katika andiko la kwanza hatukuwataja hata kwa sentensi moja.

Hapo ndipo, na si kabla ya hapo, inafaa kuanza kumtafuta mfadhili. Wengi wetu huenda kinyume. Tunaona wito wa maombi kuhusu mabadiliko ya tabianchi, tunakuwa watu wa tabianchi. Unatoka mwingine wa ajira kwa vijana, tunabadili kichwa cha andiko na kubakiza kiwiliwili. Niliwahi kupitia nyaraka za asasi iliyokuwa ya afya mwezi Machi, ya mazingira mwezi Juni na ya ujasiriamali kabla mwaka haujaisha, na jambo la kusikitisha ni kwamba watu wake walikuwa hodari kweli katika lile la kwanza. Anayesoma maombi kwa kazi huitambua hali hiyo katika ukurasa wa historia ya taasisi, pale anapokuta orodha ndefu ya mambo yaliyoguswa na hakuna hata moja lililofanywa kwa miaka mitatu mfululizo.

Inasaidia pia kumwelewa mfadhili alivyo. Ruzuku hairudishwi kama mkopo, lakini pia si sadaka. Ni mkataba ambao upande mmoja unatoa fedha na upande wa pili unaahidi mabadiliko yanayoweza kuthibitishwa. Ofisa anayelisoma andiko lako hatoi fedha zake mwenyewe. Ni za walipa kodi, au za mfuko uliowekwa wakfu na mtu aliyekwisha kufariki, au za wachangiaji wadogo wadogo, naye atalazimika kuwaeleza hao waliomtuma kwa nini alikuchagua wewe akawaacha wengine. Andiko zuri humpa maneno ya kujitetea. Kwa hiyo mwongozo wa wito husomwa kama mkataba unavyosomwa, neno kwa neno, na hasa sehemu mbili ambazo watu huziruka: masharti ya anayestahili kuomba, na jedwali la alama. Katika wito nyingi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, mwombaji huanza kwa kupeleka andiko dhana, yaani muhtasari wa wazo la mradi wa kurasa chache, ambalo husahihishwa kwa alama 50, na lisilofikisha alama 30 halivuki hatua hiyo, hata kama andiko kamili lililokuwa likiandaliwa nyuma yake ni zuri ajabu. Nimewaona watu wakitumia miezi miwili kwenye viambatisho na siku mbili kwenye zile kurasa chache zinazoamua kila kitu.

Kwa kikundi kinachoanza, nashauri kutafuta dirisha dogo kwanza. Iko mifuko iliyoundwa makusudi kwa ajili ya wadogo. Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia, ulioanza mwaka 1992 na ambao kwa miaka mingi umetekelezwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ulibuniwa ili fedha zifike moja kwa moja kwa vikundi vya jamii na asasi za kiraia badala ya kupitia serikali au mashirika makubwa. Ruzuku ndogo iliyotumika vizuri na kukaguliwa ni ushahidi ambao hauwezi kuandikwa kwa ufundi wa lugha.

Sasa nije kwenye jedwali la mantiki, ambalo limewatesa wengi na ambalo mimi nimelipenda kwa kuchelewa. Lilibuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya shirika la misaada la Marekani, USAID, na aliyeongoza kazi hiyo alikuwa mshauri aitwaye Leon Rosenberg. Wakati ule tathmini za miradi zilikuwa zikigonga mwamba kwa sababu iliyo rahisi kuielewa: mradi ulikuwa haujasema waziwazi ungefanya nini, kwa hiyo hapakuwa na cha kuupimia. Jedwali lina safu nne za kwenda kulia na nne za kwenda chini. Kwenda chini kuna lengo kuu, lengo mahususi, mazao ya mradi na shughuli. Kwenda kulia kuna maelezo yenyewe, viashiria, njia za kuthibitisha, na mwisho masharti yaliyo nje ya uwezo wetu ambayo lazima yatimie ili ngazi moja iweze kuizaa ngazi iliyo juu yake.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoisoma kwanza ninapopitia andiko la mtu, maana ndiyo inayojazwa kwa uvivu kuliko zote. Watu huandika "hali ya amani itaendelea" na "wadau watatoa ushirikiano", wakapita. Katika andiko letu la pili tulilazimika kuandika kwamba mafanikio yanategemea uongozi wa elimu kukubali kwa maandishi kuwa kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kisihesabiwe kuwa kimepotea kwa uzembe. Tulipoliona jambo hilo limekaa pale kwenye safu ya masharti, tukatambua kwamba mradi mzima unaning'inia kwenye uzi ambao hatujaushika. Tukaliondoa kwenye masharti, tukalifanya kuwa shughuli ya kwanza, na tukaenda kuomba barua hiyo kabla hata ya kupeleka andiko. Iliambatishwa kama kiambatisho cha tatu. Sina shaka kwamba ilituongezea alama kuliko maelezo yetu yote, kwa kuwa ilionyesha kwamba tumekwisha kuanza kazi kabla ya kupewa fedha.

Kuhusu viashiria, kila semina huimba wimbo wa herufi tano za SMART, kila moja ikisimamia sifa ya lengo zuri kwa Kiingereza, zilizopendekezwa na George Doran katika makala ya jarida la usimamizi mwaka 1981. Jambo ambalo semina hizo husahau ni kwamba kwa Doran herufi ya tatu haikumaanisha lengo linalofikika, kama inavyofundishwa mara nyingi siku hizi. Ilimaanisha kwamba lengo lazima liwe na mtu aliyekabidhiwa. Naona maana yake ya awali ina faida zaidi. Kiashiria kisicho na mtu wa kukikusanyia takwimu ni pambo. Katika andiko la kwanza niliandika kwamba "uwezo wa wanafunzi kusoma utaongezeka kwa kiasi kikubwa". Katika la pili, mwenzangu mmoja, mwalimu mstaafu, alikaa na kila mtoto wa darasa la tano peke yake chini ya mwembe, akampa aya moja ya maneno 60, akahesabu maneno aliyoyasoma sawasawa kwa dakika moja, kisha akamuuliza maswali mawili kuhusu kilichoandikwa. Ilichukua asubuhi tatu. Kutokana na daftari lile tuliweza kuandika kiashiria chenye mahali kinapoanzia, mahali kinapofikia, tarehe na jina la cheo cha mtu atakayerudia zoezi lile lile kwa aya ya ugumu ule ule. Hizo ndizo data za msingi, na hazikutugharimu zaidi ya karatasi na subira ya mzee yule. Anayesema atakusanya data za msingi baada ya kupata ruzuku anamwomba mfadhili alipie mradi ambao bado haujulikani unaanzia wapi.

Yapo pia maswali ambayo mthamini atakuja kuuliza mradi ukiisha, na hakuna sababu ya kuyasubiri hadi wakati huo. Kamati ya misaada ya OECD, jumuiya ya nchi zilizoendelea kiuchumi, ilitoa vigezo vitano vya tathmini mwaka 1991, na mwaka 2019 ikavirekebisha na kuongeza cha sita. Vinauliza kama mradi unafaa kwa hali iliyopo, kama unawiana na kazi nyingine zinazoendelea, kama ulifikia malengo yake, kama ulitumia rasilimali kwa uangalifu, kama uliacha athari, na kama manufaa yake yatadumu. Hicho cha pili ndicho kilichoongezwa, nacho ndicho kinachowaangusha wageni wa uwanja huu, kwa kuwa wanaandika kana kwamba hakuna mtu mwingine aliyewahi kufanya kazi mahali pale. Wataje wenzako. Mfadhili anawajua, pengine ndiye anayewafadhili.

Bajeti nitaizungumzia kwa urefu kidogo, kwa sababu naamini msomaji mzoefu huanzia hapo. Maneno yanaweza kupambwa, lakini bajeti husema mradi ni nini hasa. Andiko likieleza kwa kurasa kumi jinsi watoto watakavyosoma, kisha bajeti ikaonyesha kwamba nusu ya fedha ni ya gari, samani za ofisi na safari za viongozi, basi mradi ni wa gari, samani na safari. Zoezi ninalolifanya kabla ya kupeleka bajeti yoyote ni kuchukua kila mstari na kutafuta shughuli inayoudai katika mpango kazi, kisha kuchukua kila shughuli na kutafuta mstari unaoilipia. Mstari usio na shughuli unafutwa. Shughuli isiyo na mstari ni uongo, au ni kazi ya kujitolea ambayo tumesahau kuitaja.

Mstari wenyewe lazima ufunguke. Kuandika "semina ya walimu" kisha tarakimu moja kubwa yenye sifuri nyingi ni kumwalika msomaji aikate apendavyo. Kuandika walimu 24, kwa siku 3, nauli ya kila mmoja kwenda na kurudi, chakula cha mchana, vifaa vya uandishi kwa kila mshiriki, na malipo ya wawezeshaji 2 kwa siku 4 kwa kuwa siku moja ni ya maandalizi, ni kumwonyesha kwamba umewahi kuendesha semina na unajua fedha zinakokwenda. Akitaka kupunguza, atapunguza walimu au siku, na ataona mwenyewe nini kinapotea. Nashauri pia kutojipunja kwa kudhani kwamba bajeti ndogo ndiyo inayopendwa. Mtathmini hujua gharama za mambo, na bajeti isiyotosha humwambia kwamba kazi itakwama katikati.

Gharama za uendeshaji, yaani pango, umeme, mhasibu, ukaguzi wa hesabu, ni eneo ambalo asasi nyingi huona haya kuliomba, na matokeo yake zinatekeleza miradi mitatu huku ofisi yao ikidaiwa pango. Hakuna haya yoyote. Wafadhili wengi wana kiwango kinachojulikana. Ruzuku za Umoja wa Ulaya kwa kazi za nje ya nchi wanachama huruhusu kwa kawaida hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja. Serikali ya Marekani ilikuwa ikiwaruhusu wasio na kiwango walichokubaliana nayo kutumia asilimia 10, na kuanzia Oktoba 2024 ikakipandisha kiwango hicho hadi asilimia 15. Soma mwongozo, uombe kinachoruhusiwa, na usikifiche ndani ya mstari wa semina, kwa sababu kikigunduliwa humo kitaonekana kuwa wizi hata kama nia ilikuwa njema.

Mchango wa mwombaji nao huhesabiwa kwa uzembe. Yule mwalimu mstaafu alitoa asubuhi tatu za kupima watoto, na baadaye siku mbili kila wiki. Ukizipa thamani siku hizo kwa kiwango ambacho mtu wa sifa zake hulipwa, na ukaziwekea daftari la mahudhurio lenye saini, kama mwongozo unaruhusu mchango usio wa fedha taslimu, asasi maskini inajikuta imechangia sehemu ya kuonekana. Bila daftari, mchango huo ni hadithi tu.

Nyaraka za usajili, katiba, hesabu zilizokaguliwa, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja: haya yote yawe tayari kabla wito haujatoka, maana muda wa wito hautoshi kuyatafuta. Anayelenga fedha za serikali ya Marekani huhitaji namba ya utambulisho inayotolewa na mfumo wake wa usajili mtandaoni, SAM.gov, ambayo tangu Aprili 2022 ndiyo iliyochukua nafasi ya namba ya zamani iliyoitwa DUNS, na usajili huo hupaswa kuhuishwa kila mwaka. Ni bure. Anayekuandikia barua pepe akitaka ada ya kukusajili anauza kisichouzwa.

Kifungu cha uendelevu ndicho kinachoandikwa kwa maneno yaliyochoka kuliko vyote: "jamii itamiliki mradi". Matukio ya mwaka 2025 yamekifanya kifungu hicho kisiwe cha mzaha tena. Tarehe 20 Januari mwaka huo serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na ilipofika tarehe 1 Julai USAID, shirika lile lile lililozaa jedwali la mantiki, lilikuwa limeacha rasmi kutekeleza misaada hiyo. Asasi zilizokuwa na mikataba iliyotiwa saini, bajeti zilizopitishwa na taarifa zilizowasilishwa kwa wakati zilijikuta zinawaaga wafanyakazi. Mtu anayeandaa mradi sasa anapaswa kujibu kwa maandishi swali ambalo zamani lilionekana la kufikirika tu: fedha zikikatika mwezi wa saba, nini kitabaki kimesimama? Jibu la kweli mara nyingi huubadilisha mradi. Sisi lilitufanya tuondoe mkutubi wa kulipwa tuliyekuwa tumempanga, na kazi ya kuazimisha vitabu tukaikabidhi kwa wanafunzi wa madarasa ya juu, kwa zamu, wakisimamiwa na mwalimu mmoja. Kwa bibi yule na wenzake wasiojua kusoma tulipanga wanafunzi hao hao wakubwa wawasikilize wadogo wakisoma, nyumba jirani kwa jirani, nusu saa kabla ya giza. Hakuna aliyelipwa kwa hilo, kwa hiyo hakuna malipo yatakayokoma.

Andiko la pili lilikuwa na kurasa pungufu kuliko la kwanza, na kiasi tulichoomba hakikufika hata robo ya gharama ya lile jengo. Kabla ya kulipeleka tulimpa mtu asiyehusika kabisa na elimu alisome, tukamwomba atueleze kwa maneno yake mradi unahusu nini. Alipokosea mara mbili mahali pale pale, tukaandika upya sehemu ile. Tulilipeleka siku tano kabla ya mwisho, kwa sababu mifumo ya kupokea maombi mtandaoni hulemewa siku ya mwisho na haina huruma kwa aliyechelewa dakika moja. Maswali ya ziada yalikuja, tukayajibu siku ile ile, na ruzuku ikatolewa.

Taarifa ya kwanza tuliyomwandikia mfadhili ilikuwa na jedwali la vipimo vya watoto, kama tulivyoahidi, na matokeo yake yalikuwa ya wastani: darasa moja lilipanda vizuri, lingine karibu halikusogea kabisa, na tuliandika hivyo hivyo pamoja na sababu tuliyoiona, kwamba mwalimu wa darasa hilo lililokwama alikuwa amehamishwa katikati ya muhula. Tuliambatisha pia nakala ya kurasa nne za daftari la kuazima, zenye majina ya vitabu, tarehe, alama za vidole vyenye wino, na safu ya hali ya kitabu kinaporudi, ambamo mtoto mmoja wa darasa la sita alikuwa ameandika kwa mwandiko wa kujitahidi: "jalada limetoka, nimelibandika." Ofisa wa upande wa pili hakuuliza chochote kuhusu jedwali. Aliuliza kama tunaweza kumtumia kurasa nyingine za daftari.